Anaambiwa ni mvivu wa kunakili: je, tatizo ni macho?

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na yuko darasa la nne hapa Morogoro. Darasa la kwanza na la pili alikuwa anafanya vizuri, lakini tangu mwaka jana alama zinashuka. Madaftari yake yamejaa kazi zisizokamilika na maneno yaliyonakiliwa vibaya, na mwalimu ameandika kwamba ni mvivu. Nyumbani anasoma kitabu bila shida, ila televisheni anaisogelea mpaka anakaribia kuigusa. Nilimpeleka duka la miwani, mashine ikatoa namba -2.25 kwa macho yote mawili. Mama mkwe hataki kusikia habari ya miwani, anasema itamharibu macho na kwamba nimpe karoti. Jirani ananishauri nianze na miwani ya namba ndogo. Macho pia humwasha sana, na kuna matone ninayonunua duka la dawa ambayo humtuliza haraka. Je, miwani itamharibu? Na akivaa, alama zitarudi? Ana mdogo wake wa kike wa miaka mitano, naye ananitia wasiwasi.

Jibu: Dada yangu, nianze na yale unayohitaji kuyajua kabla ya yote. Miwani haitamharibu mwanao macho. Hata hivyo, usiinunue kwa namba ile ya dukani mpaka apimwe tena kliniki ya macho, akiwa ametiwa matone ya kulegeza msuli wa jicho. Hayo matone mengine unayomnunulia usiyanunue tena kabla daktari hajaiona chupa yake. Kuhusu alama, miwani itamrudishia ubao, lakini haitamrudishia masomo ya mwaka mzima ambayo hakuyaona, na hilo litahitaji kazi yako na ya mwalimu.

Tuchukulie kwanza kwamba namba ya dukani ni ya kweli, tuone inamaanisha nini darasani. Ukigawa mita 1 kwa 2.25 unapata sentimita 44 hivi, na huo ndio umbali wa mwisho ambao jicho lenye namba hiyo huona bila ukungu. Kitabu, daftari na sahani ya chakula viko ndani ya umbali huo. Ubao, sura ya mwalimu na televisheni viko nje yake. Ndiyo maana anasoma kitabu bila shida na wakati huohuo anaifuata televisheni. Jicho lake limerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, hivyo mwanga unakutana mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kukutana juu yake. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na la mtu mzima hufikia karibu 24. Katika safari hiyo ya kukua, ziada isiyofika hata milimita moja inatosha kuleta namba kama ya mwanao.

Sasa tazama ubao. Mwalimu akiandika herufi zenye kimo cha sentimita 4, mtoto mwenye macho mazima anaweza kuzisoma kutoka umbali unaozidi urefu wa darasa lolote la kawaida. Mtoto ambaye kwenye chati ya macho anaishia mstari wa 6/36, yaani akiwa mita 6 anaona kile ambacho wengine wanakiona wakiwa mita 36, anahitaji kukaa ndani ya mita 4 na nusu ili asome herufi hizohizo. Akiishia 6/60, anahitaji kuwa ndani ya mita 3. Namba -2.25 bila miwani kwa kawaida humweka mtoto kwenye mistari hiyo miwili. Dawati la nyuma liko mbali kuliko hapo, na katika shule zetu nyingi, ambako kitabu kimoja hushirikiwa na wanafunzi kadhaa, asiyeuona ubao ni sawa na asiye na kitabu.

Kabla ya kwenda hospitali, fanya jambo moja. Azima daftari la hisabati la mwanafunzi mwenzake anayeona vizuri, uliweke kando ya lake, mlinganishe hesabu moja baada ya nyingine. Usiangalie jibu, angalia swali alivyolinakili. Mara nyingi utakuta 3 imegeuka 8, 6 imekuwa 0, alama ya kutoa imekuwa ya kujumlisha, na kisha utaona kwamba hesabu yenyewe, kwa tarakimu alizozinakili, ameifanya sawasawa. Mwalimu mwenye madaftari ya darasa zima mezani anaona jibu lisilolingana na lake na kuweka alama ya kosa. Hana nafasi ya kugundua kwamba mtoto amejibu kwa usahihi swali ambalo halikuulizwa. Angalia pia mahali kazi zinapokatika. Mtoto asiyeuona ubao hunakili kutoka kwa jirani yake wa dawati, na jirani akifunga daftari, naye anaishia hapo. Madaftari ya namna hiyo nimeyaona mengi, na neno lililoandikwa kwa wino mwekundu chini yake ni hilohilo: mvivu. Ningependa neno hilo lisiandikwe kwenye daftari la mtoto yeyote ambaye hajawahi kusomeshwa chati ya macho.

Huenda unajiuliza kwa nini darasa la kwanza na la pili alikuwa sawa. Kutoona mbali kwa kawaida huanza katika umri wa kwenda shule, jicho linapokua, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wakati ule alikuwa anaona. Zaidi ya hapo, madarasa ya chini herufi za ubaoni ni kubwa na maneno ni machache, na mtoto akirefuka hupelekwa dawati la nyuma ili asiwazibe wenzake. Ukungu nao haukumwingia siku moja. Mtoto wa umri wake hana kumbukumbu ya namna dunia inavyopaswa kuonekana, anadhani kila mtu anaiona hivyohivyo, na ukimuuliza kama anaona vizuri atakujibu ndiyo, naye hatakuwa amekudanganya.

Nirudi kwenye namba ya dukani, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wanapoingia gharama mara mbili. Ndani ya jicho kuna msuli unaobadilisha umbo la lenzi ili tuone vitu vya karibu, na msuli huo kwa mtoto una nguvu nyingi sana. Mtoto akichungulia ndani ya mashine anajua kwamba picha anayoitazama iko karibu na uso wake, hivyo anaukaza msuli bila kukusudia, na mashine inaandika namba ya kutoona mbali iliyo kubwa kuliko ya kweli. Mwenye -1.25 anaweza kuondoka na karatasi ya -2.25. Vilevile yule mwenye tatizo la kinyume, ambaye jicho lake ni fupi na hulazimika kukaza msuli saa zote ili aone, anaweza kuambiwa kwamba ni mzima, naye ndiye yule anayeumwa kichwa kila anapokaa kusoma na hatimaye anakikimbia kitabu. Kwa mwanao dalili zote zinaelekea kwenye kutoona mbali, sina shaka kubwa na hilo; ninachotilia shaka ni ukubwa wa namba.

Dawa ya tatizo hilo ni matone. Kliniki itamtia saiklopentoleti au atropini, isubiri mpaka msuli ulegee, kwa saiklopentoleti nusu saa au zaidi kidogo, kisha mtaalamu amulike jicho kwa retinoskopu na kuweka lenzi moja baada ya nyingine mpaka apate namba ambayo mtoto hawezi kuibadilisha kwa kukaza macho. Baada ya hapo mboni zitabaki zimepanuka, maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu na jua litamsumbua. Saiklopentoleti kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, atropini huweza kuchukua hata wiki mbili, kwa hiyo uliza ametiwa ipi, mpeleke siku ya Ijumaa, na umchukulie kofia. Anza na kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakiona kuna jambo linalohitaji uchunguzi zaidi watakupa rufaa ya kwenda Muhimbili au CCBRT, Dar es Salaam.

Mama mkwe usimlaumu, kwani anachokisema anakitoa kwenye mambo aliyoyaona kwa macho yake. Ameona watoto waliovaa miwani wakiwa na namba ndogo na miaka michache baadaye wana namba kubwa, na ni kweli hutokea hivyo. Lakini inayoongeza namba si miwani: jicho linaendelea kurefuka mpaka miaka ya ujana, mtoto avae au asivae. Ameona pia mtoto aliyezoea miwani akiivua na kulalamika kwamba haoni kitu, ingawa haoni chini ya alivyokuwa akiona zamani. Tofauti ni kwamba sasa amejua kuona ni nini. Huo ushauri wa jirani wa kuanza na namba ndogo ulikuwa na wafuasi hata miongoni mwa wataalamu. Mwaka 2002 watafiti nchini Malaysia walichapisha matokeo ya watoto 94 wa miaka 9 hadi 14 waliofuatiliwa kwa miaka miwili, nusu wakiwa na namba kamili na nusu wakiwa wamepunguziwa 0.75 kwa makusudi. Waliopunguziwa ndio ambao namba yao ilipanda haraka zaidi. Kwa hiyo mpe namba kamili iliyopatikana kwa matone, si kubwa zaidi na si ndogo.

Kama maneno hayatamtosha mama mkwe, mwombe miwani yake ya kusomea. Ikiwa ni ya +2.00 au +2.50, kama zile zinazouzwa hata mitaani, na kama kwa kawaida anaona mbali bila miwani, mwambie aivae asimame mlangoni atazame nyumba ya pili au asome bango la upande wa pili wa barabara. Ukungu atakaouona ndio anaouona mjukuu wake darasani, kwa kuwa lenzi hiyo hulifanya jicho zima liwe na shida ileile. Jaribio hilohilo lifanye kwa mwalimu wa darasa, ukimwomba asome ubao wake mwenyewe akiwa amekaa dawati la nyuma.

Karoti mpe, ila si kwa ajili hii. Vitamini A, ambayo imo pia katika mchicha, matembele, maembe, papai, viazi lishe, maini na dagaa, humkinga mtoto na upofu wa usiku na kukauka kwa kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele, na ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake kila baada ya miezi sita. Hakuna chakula kinacholifupisha jicho lililorefuka.

Matone yanayomtuliza haraka ndiyo yaliyonipa wasiwasi mkubwa kuliko kitu kingine chochote katika swali lako. Macho yanayowasha mara kwa mara kwa mtoto wa umri huo mara nyingi ni mzio, na mzio wa macho umewaenea sana watoto wa Afrika Mashariki. Weupe wa jicho huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, na mtoto huyasugua mpaka machozi yatoke. Soma kibandiko cha chupa. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, iwe peke yake au imechanganywa na dawa ya kuua vijidudu, hiyo ni steroidi. Hutuliza haraka kweli, lakini ikitumiwa kwa wiki na miezi bila daktari inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuua mshipa wa fahamu wa kuona, bila maumivu na bila wekundu, na pia inaweza kuleta mtoto wa jicho. Uoni unaopotea kwa presha ya jicho haurudi kwa miwani wala kwa upasuaji. Nenda na chupa hiyo kliniki, sema umeitumia tangu lini, na uombe apimwe presha ya macho. Huko wanaweza kumpa matone ya mzio yasiyo na steroidi, kama sodiamu kromoglikati au olopatadini, na nyumbani kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi hupunguza muwasho. Kusugua nako kukomeshwe, maana kwa baadhi ya watoto wenye mzio kusugua kwa miaka huambatana na kioo cha jicho kubenuka kama pembe, na namba kupanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwombe daktari aliangalie hilo pia.

Sasa alama. Yapo majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu. Katika mikoa ya Gansu na Shaanxi nchini China, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la nne na la tano waliopewa miwani bure walifanya vizuri zaidi katika hisabati mwisho wa mwaka kuliko wenzao wasiopewa. Huko Baltimore, Marekani, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha nafuu ya kusoma katika mwaka wa kwanza, hasa kwa wale waliokuwa nyuma kabisa, lakini mwaka wa pili nafuu hiyo haikuonekana tena. Sishangai. Miwani ya mtoto huvunjika, hupotea, namba hubadilika, na wakati mwingine iko nyumbani kabatini huku mtoto yuko shuleni. Hapa kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba hata wanafunzi wa sekondari waliopewa miwani bila malipo, baada ya miezi mitatu chini ya nusu yao ndio waliokuwa wakiitumia au kuwa nayo shuleni. Sababu kubwa watoto wenyewe wanazieleza wazi: wanachekwa na kuitwa bibi au babu. Zungumza na mwalimu kabla ya siku ya kwanza ya miwani, si baada ya mtoto kuificha. Mwombe amkalishe mbele katikati hata akiwa na miwani, na asome kwa sauti anachokiandika ubaoni, jambo litakalowasaidia wengine wengi ambao hawajapimwa.

Mapengo ya darasa la tatu yatafutwe moja moja. Mtoto aliyekosa mwaka wa kuuona ubao kwa kawaida anajua kusoma, kwa sababu kusoma amekufanya kwa kitabu, lakini amekosa hatua za hesabu zilizoonyeshwa ubaoni tu, kama vile kugawanya kwa njia ndefu na sehemu. Muulize mwalimu mada hizo, mzirudie nyumbani kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Ikiwa baada ya miezi mitatu ya kuvaa miwani kila siku bado ananakili vibaya hata kutoka kitabu kilicho mbele yake, usirudi kuongeza namba. Hapo apimwe masikio na aangaliwe kama ana ugumu wa kujifunza kusoma, kwa maana macho yatakuwa yamemaliza kazi yake.

Akapimwe upya kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Chagua lenzi za polikaboneti, ambazo hazipasuki vipande, na fremu inayokaa puani bila kuteleza hata akiinama. Usiinunue kubwa ukitarajia ataikulia kama sare ya shule, kwa sababu katikati ya lenzi panapaswa kuwa mbele ya mboni.

Binti yako wa miaka mitano asisubiri kufika darasa la nne. Chati ya herufi E, ambayo mtoto huonyesha kwa vidole upande mkono wa E ulikoelekea, haihitaji ajue kusoma. La muhimu ni apimwe jicho moja moja. Mtoto mwenye jicho moja zima na jingine bovu hucheza, hukimbia na huchora kama wengine, huku ubongo ukizoea kulipuuza lile bovu mpaka linakuwa jicho vivu. Kulirudisha, kwa miwani na kwa kuziba jicho zima saa kadhaa kwa siku, hufanikiwa zaidi kabla ya miaka saba au minane. Nyumbani mzibe jicho moja kwa kiganja chako huku akitazama katuni, kisha jingine. Akitulia ukiziba la kulia lakini akausukuma mkono wako ukiziba la kushoto, ujue anategemea la kushoto. Macho yakienda kengeza, mpeleke wiki hiyohiyo. Mboni ikionekana nyeupe, iwe kwa kutazama au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, mpeleke siku hiyohiyo, kwani miongoni mwa sababu zake ni saratani ya retina, ambayo kwa watoto wadogo hutibika ikikamatwa mapema.

Kwa huyo mdogo kuna na jambo la kufanya kabla ya tatizo. Katika jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2015, shule zilizowaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku zilikuwa na asilimia 30.4 ya watoto walioanza kutoona mbali baada ya miaka mitatu, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule nyingine. Mwanga wa mchana ndio unaoaminika kufanya kazi hiyo, kwa hiyo mchezo wa nje unasaidia na mchezo wa kwenye simu hausaidii. Kwa kaka yake ambaye jicho limeshaanza kurefuka, nafuu ya kuwa nje ni ndogo zaidi, ingawa haina hasara. Ijumaa utakayompeleka, nenda nao wote wawili, pamoja na ile chupa ya matone, karatasi ya dukani, na daftari la hisabati.